Mchoro ni wa nani? Hakimiliki na biashara ndogo za Eastlands

Fulana iliyobuniwa Kayole siku ya Jumatatu huweza kuonekana Gikomba kabla ya Jumamosi: mchoro uleule, rangi zilezile, bei nusu. Wanaochapisha nguo, wanaochora matatu, wanaotengeneza mabango ya saluni na wanaorekodi muziki katika mitaa ya Buruburu, Umoja, Dandora, Kariobangi na Jericho wanalijua jambo hili vizuri. Wasichokijua wengi ni kwamba mchoro ule ulikuwa tayari na ulinzi wa sheria tangu siku ulipokamilika, hata kama aliyeuchora hakujaza fomu yoyote wala kulipa shilingi moja.

Ulinzi huo ndio hakimiliki. Unatokana na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, Sura ya 130, iliyoanza kutumika Februari 2003 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019. Msimamizi wake ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ambayo wengi huiita KECOBO kwa kifupi. Bodi hiyo ni chombo cha serikali ya kitaifa. Kaunti haitoi hakimiliki, na ofisi ya wadi haina mamlaka ya kuamua nani alichora nini kwanza. Katiba nayo, katika Kifungu cha 40(5), inaitaka Serikali iunge mkono, ikuze na kulinda haki za milki bunifu za watu wa Kenya. Kwa hivyo mchora nembo wa Donholm anayedai haki yake haombi fadhila.

Sheria inataja aina za kazi inazolinda: maandishi, muziki, kazi za sanaa kama michoro, uchongaji na picha za kamera, tamthilia, filamu na video, rekodi za sauti, na matangazo ya redio na televisheni. Programu za kompyuta zimehesabiwa pamoja na maandishi. Ukiyapeleka haya madukani, orodha inakuwa ndefu kuliko mtu anavyodhani. Nembo iliyochorwa mlangoni ni kazi ya sanaa. Picha za keki ambazo mwokaji wa Tena huzituma kwa wateja kwa WhatsApp ni kazi zake. Kibwagizo cha sekunde 20 cha kutangaza duka, video ya kuonyesha namna ya kusuka, kitabu kidogo cha masomo kinachouzwa na mwalimu wa tuisheni, programu ya simu iliyoundwa na kijana wa Komarock ya kufuatilia michango ya chama: zote zimo.

Yapo masharti mawili tu. Kwanza, mtunzi awe ametia bidii ya kutosha kuipa kazi sura yake mwenyewe. Kazi haihitaji kuwa nzuri wala ya ajabu. Inatosha kuwa haikunakiliwa. Pili, iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo linaloweza kuonekana au kusikika. Sharti hili la pili ndilo huwaangusha watu. Wazo pekee halina hakimiliki. Mtu akibuni kuuza smokie na mayai kwenye kibanda chenye muziki na taa za rangi, jirani anaweza kufungua kibanda cha namna hiyo hatua kumi kutoka hapo na asivunje sheria ya hakimiliki. Lakini jirani huyo akichukua bango lililochorwa kwa ajili ya kibanda cha kwanza, akabadilisha namba ya simu tu na kulitundika kwake, hapo amevuka mpaka.

Vilevile hakimiliki haifiki kila mahali, na hapa ndipo pesa nyingi za wafanyabiashara hupotelea kwa kugonga mlango usio wake. Jiko la makaa lenye udongo ndani, linalotengenezwa na mafundi wa Shauri Moyo, ni mfano mzuri. Lilienea tangu miaka ya 1980 kwa sababu fundi mmoja alimtazama mwenzake na kutengeneza kama lake. Hakimiliki haizuii mtu kutengeneza chombo kinachofanya kazi ileile. Umbo jipya la chombo hulindwa kwa kusajiliwa kama mchoro wa kiviwanda, ulinzi wa miaka 5 unaoweza kuongezwa mara mbili hadi miaka 15. Uvumbuzi wa kitaalamu huombewa hataza, ambayo hudumu miaka 20. Haya yote hushughulikiwa na taasisi nyingine, KIPI. Na tofauti na hakimiliki, huko asiyesajili hana kitu, na anayeonyesha uvumbuzi wake hadharani kabla ya kuuombea huenda akaupoteza.

Jina la biashara nalo lina mkanganyiko wake. Mtu akisajili jina kupitia eCitizen hupata cheti cha kufanya biashara kwa jina hilo. Akilipia kibali cha biashara cha kaunti, hupata ruhusa ya kuendesha shughuli yake mahali palipotajwa. Hakuna kati ya karatasi hizo mbili inayompa umiliki wa jina dhidi ya wengine sokoni. Maneno mawili au matatu ya jina ni mafupi mno kwa hakimiliki. Kinacholinda jina ni alama ya biashara, ambayo pia husajiliwa KIPI, hudumu miaka 10 na kuongezwa tena na tena. Nembo yenye mchoro inaweza kulindwa kwa njia zote mbili: mchoro kwa hakimiliki, na nembo nzima kama alama ya biashara.

Umuhimu wa alama ya biashara ulionekana katika kisa cha kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno “Kikoy” liwe alama yake. Kama ombi lingepita, wauzaji wa Kenya wangejikuta wakihitaji ruhusa ya kampuni hiyo kulitumia neno hilo kwa bidhaa zao katika soko la Uingereza. Wakenya walipinga, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, na ombi hilo halikufika mwisho. Lakini lilishindwa kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa macho na waliopinga kwa wakati, si kwa sababu neno lilijilinda lenyewe.

Turudi kwenye hakimiliki, kwa swali linalozua ugomvi mwingi kuliko yote: kazi ikishachorwa, ni ya nani?

Kanuni ya kwanza ni kwamba hakimiliki huanzia kwa mtunzi. Lakini Kifungu cha 31 cha sheria ya Kenya kinaongeza jambo ambalo wasanii wengi husikia wakiwa wamechelewa. Kazi ikifanywa na mwajiriwa katika shughuli za kazi yake, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri. Na kazi ikiagizwa na mteja, huhesabiwa kuwa imehamia kwa mteja huyo. Hali ni hiyo isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Katika nchi nyingi mteja anayeagiza nembo hapati hakimiliki mpaka aandikiwe. Kenya ni kinyume, na anayesoma ushauri wa kigeni mtandaoni hudanganyika kwa urahisi.

Chukua mchoraji wa Umoja anayepewa kazi ya kuchora nembo ya duka la dawa kwa shilingi 8,000, elfu tatu mkononi na tano baada ya kazi. Anatuma faili kwa simu. Mwenye duka analitundika bango, anachapisha mifuko, kisha simu yake haishikiki tena. Mchoraji anadhani kwamba kwa kuwa hajalipwa, mchoro bado ni wake na anaweza kumzuia mwenye duka kuutumia. Bila makubaliano yanayosema hivyo, msimamo wake ni dhaifu, kwa kuwa sheria tayari inamtazama mwagizaji kama mwenye hakimiliki. Kinachobaki wazi kwake ni deni la elfu tano. Deni la namna hiyo linaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, inayoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mtu huruhusiwa kujisimamia bila wakili.

Angeweza kujikinga kwa sentensi moja. Kabla ya kuanza kazi, aandike: hakimiliki ya mchoro huu itabaki kwa mchoraji mpaka malipo yote yakamilike. Mteja ajibu kwamba amekubali, na ni bora zaidi wote wawili watie sahihi karatasi. Si lazima iwe lugha ya mawakili. Mchoraji anaweza pia kukubaliana kwamba mteja atumie mchoro kwenye duka na mifuko tu, na kwamba akitaka kuuchapisha kwenye fulana za kuuza, walipane upya.

Mteja naye ana sababu za kuandika. Mwenye biashara anayeajiri kijana “anayesaidia saidia” dukani, bila barua ya ajira, anaweza kukuta kijana huyo amehama na michoro yote akidai hakuwahi kuajiriwa wala kuagizwa. Mazoea ya jua kali ni kuaminiana, na mara nyingi hutosha. Hayatoshi siku biashara inapopata mnunuzi au mkopo na mtu akauliza karatasi. Na pale hakimiliki inapouzwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, au mtu anapopewa ruhusa ya kipekee ya kuitumia, sheria inataka maandishi yaliyotiwa sahihi. Ahadi ya mdomo haihamishi kitu.

Hata baada ya kuhamisha hakimiliki, mtunzi hubaki na haki mbili: kutambuliwa kuwa yeye ndiye aliyeifanya kazi, na kupinga isiharibiwe kwa namna inayomshushia heshima.

Kwenye nganya mambo haya yote hukutana mahali pamoja. Mwenye gari la laini ya Buruburu humwagiza mchoraji, kwa hiyo mchoro wa ubavuni huhesabiwa kuwa wake kama hawakukubaliana tofauti. Mpita njia anayerekodi video barabarani, nganya ikapita humo ndani, hana kosa, maana sheria inaruhusu kazi ya sanaa iliyo mahali pa umma kuingia katika filamu au matangazo. Lakini sura ya mwanasoka au mwanamuziki iliyochorwa pale mara nyingi imetolewa kwenye picha ya kamera, na picha hiyo ina mwenyewe. Kuigeuza picha ya mtu kuwa mchoro wa rangi hakumwondolei aliyeipiga haki yake. Ni sawa na vikatuni vya filamu za Marekani vinavyopakwa kwenye kuta za chekechea na mikoba ya shule. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, na kwa mkataba huo kazi za wageni hulindwa hapa kama zetu, nazo zetu hulindwa kwao, bila usajili.

Hakimiliki ya maandishi, muziki na michoro hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kwa rekodi za sauti ni miaka 50 tangu mwaka wa kurekodiwa. Kwa picha za kamera na video, miaka 50 tangu zilipotengenezwa au kutolewa kwa umma, lolote litakalokuja baadaye. Ndiyo kusema rekodi iliyofanywa Dandora katika miaka ya 1990, kizazi cha Kalamashaka, bado ina mwenyewe, na familia zinaweza kuirithi kama zinavyorithi ploti.

Kama usajili si lazima, kwa nini basi usajili? Kwa sababu ugomvi wa hakimiliki ni ugomvi wa ushahidi. Wawili wakisimama mbele ya hakimu kila mmoja akisema “nilichora mimi”, atakayeaminika ni yule mwenye tarehe. Tangu 2019 sheria inatambua usajili wa hiari, na Bodi hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Mwombaji hutoa kitambulisho, nakala ya kazi na maelezo ya mtunzi. Kama si yeye mtunzi, huonyesha maandishi yaliyomhamishia haki. Cheti anachopewa hakimalizi mjadala, ila aliye upande wa pili ndiye hubaki na kazi ya kuonyesha kwamba si kweli. Anayejaziwa fomu saiba ahakikishe amefuta faili lake kwenye kompyuta ile kabla ya kuondoka, maana michoro mingine huibwa hapohapo.

Asiyesajili anaweza kujenga ushahidi wake pole pole: rasimu za penseli, faili la asili lenye tabaka zake, barua pepe aliyotuma siku ya kwanza, ujumbe wa M-Pesa wa malipo, picha ya kazi ikiwa nusu. Mchoraji anayetuma kwa mteja faili la mwisho pekee na kufuta yaliyotangulia ili simu ipate nafasi anafuta kesi yake mwenyewe.

Kazi ikiibwa, hatua ya kwanza ni kununua nakala moja ya ile ya wizi na kuomba risiti, au kupiga picha ya duka na bidhaa. Kuanza kwa kelele humfanya mwenye duka afiche mzigo. Hufuata barua ya madai inayoeleza kazi ni ipi, ni ya nani, na nini kinatakiwa: aache, alipe, au vyote viwili. Migogoro mingi ya mtaani huishia hapo. Isipoisha, mwenye kazi anaweza kwenda mahakamani kuomba zuio, fidia, na nakala za wizi zikabidhiwe kwake. Anaweza pia kupeleka malalamiko KECOBO, kwa sababu kutengeneza nakala za wizi kwa ajili ya kuuza, kuziuza au kuziingiza nchini ni kosa la jinai lenye faini na kifungo, na Bodi ina wakaguzi na waendesha mashtaka wake. Kwa kilichowekwa mtandaoni, marekebisho ya 2019 yanamruhusu mwenye kazi kumpa mtoaji huduma za intaneti ilani ya kukiondoa. Facebook, Instagram na TikTok nazo zina fomu zao za malalamiko, ambazo kwa mwokaji aliyeibiwa picha za keki ndizo njia ya haraka zaidi.

Wanaodhani mnyonge hashindi kamwe wakumbuke kisa cha mwanamuziki JB Maina. Alilalamika kwamba nyimbo zake zilikuwa zikiuzwa kama milio ya simu bila idhini yake, akaishtaki Safaricom, na mwaka 2013 wakaelewana nje ya mahakama kwa shilingi milioni 15.5. Mtunzi wa Kayole huenda asifikie pesa hizo. Lakini kilichompa Maina nguvu ya kukaa mezani ni kwamba nyimbo zilijulikana kuwa zake.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba kila biashara pia hutumia kazi za wengine. Saluni, kinyozi, baa, hoteli na matatu zinazopiga muziki mbele ya wateja zinahitaji leseni, hata kama wimbo umenunuliwa kihalali au umetoka redioni. Leseni hutolewa na mashirika ya kukusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi, waimbaji na watayarishaji. Mashirika yaliyoruhusiwa hubadilika. Mwaka 2017, kwa mfano, leseni ya kukusanya mirabaha ya watunzi ilitolewa mikononi mwa shirika moja ikapewa jingine. Mwenye duka anayetembelewa na watu wenye vitambulisho shingoni wakidai pesa taslimu ana haki ya kuuliza KECOBO ni shirika gani lina leseni mwaka huo, na asilipe bila ankara na risiti.

Picha zilizookotwa kwenye Google za kutengenezea bango la nywele nazo ni za watu. Mara nyingine kuna wenye haki wawili: aliyepiga picha, na aliye ndani ya picha. Huyu wa pili halindwi na hakimiliki bali na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotumiwa bila idhini ya wazazi. Saluni ya Pipeline inayopiga picha kila kichwa kilichosukwa na kukiweka Instagram imo katika sheria hiyohiyo. Kumuuliza mteja kabla ya kupiga, na kuhifadhi jibu lake kwenye WhatsApp, huchukua nusu dakika.